Moshi wa Kipevu, kituo cha umeme cha Mombasa: maswali yenu kuhusu mitambo ya mafuta mazito

Kwa nini moshi mweusi hutoka jioni, kisha unapotea?

Stima ya mvuke wa ardhini wa Olkaria huzalishwa mchana na usiku. Mitambo ya mafuta huitwa kazini zaidi jioni, kila nyumba inapowasha taa. Injini ikianza, turbochaja, feni inayosukuma hewa ndani ya injini, bado haijashika kasi. Hewa inakuwa chache kuliko mafuta, na masizi hutoka. Yakiendelea hata baada ya injini kupata joto na mzigo, huo ni ubovu: nozeli za mafuta zinadondosha badala ya kunyunyiza, kichujio cha hewa kimeziba, au turbochaja ni chafu. Moshi wa buluu ni oili ya injini inayoungua.

Mafuta haya ni mazito mno. Yanaunguaje?

Kwa kupashwa moto. Kwenye mashine ya kuyasafisha hufikishwa karibu nyuzi 98, na kabla ya kuingia kwenye injini, 120 hadi 140 hivi. Yakiwa baridi, matone huwa makubwa, yanagonga ukuta wa silinda na kuacha kaboni. Ndiyo maana hata mtambo uliozimwa hutunzwa ukiwa na joto, na joto hilo linalipiwa. Kabla ya kuzima kwa muda mrefu, mafundi hubadili na kutumia dizeli ili mafuta mazito yasigande ndani ya mabomba.

Salfa inatoka kiasi gani?

Piga hesabu mwenyewe. Injini ya megawati 17 ikila gramu 210 za mafuta kwa kila yuniti (kilowati-saa) ya stima huchoma tani 3.6 kwa saa. Mafuta yakiwa na salfa asilimia 2, hiyo ni kilo 71 za salfa, na ikiungua inakuwa takriban kilo 143 za dioksidi ya salfa. Kaboni dioksidi ni kama tani 11. Fundi hodari hawezi kuipunguza salfa hiyo kwa kurekebisha injini; inaamuliwa na anayenunua mafuta, na huko ndiko ningeelekeza malalamiko.

Kwa nini basi wasifunge kichujio?

Kipo cha kuosha moshi kwa maji yenye alkali, lakini kinaleta maji machafu ya kutibiwa. Kwa oksidi za nitrojeni hunyunyizwa urea mbele ya kichocheo (kifaa kinachoharakisha kemikali kuzigeuza), nacho hutaka moshi wa nyuzi zaidi ya 300. Mtambo unaowashwa kwa muda wa saa tatu tu hupoteza sehemu ya muda huo ukipasha kichocheo. Tena, salfa nyingi moshi ukiwa baridi huzalisha chumvi inayonata na kukiziba.

Bomba la moshi linaoza upesi. Ni chumvi ya bahari?

Kwa nje, ndiyo. Kwa ndani ni asidi ya salfa: moshi ukipoa chini ya nyuzi 130 hivi, asidi hugeuka matone kwenye chuma. Kuwasha na kuzima kila siku hulipitisha bomba hapo mara mbili.