Mfumo wangu wa farasi unalipa kwenye takwimu za nyuma. Je, nimepima sawasawa?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Masasi, nina diploma ya uhasibu, kwa sasa namsaidia baba shamba la mikorosho. Nimepata faili la matokeo ya mbio za farasi za Uingereza, 2021 hadi 2023, nikaliingiza kwenye Excel. Nimejaribu kanuni nyingi, labda 40, hadi nikapata moja inayolipa. Nachukua mbio za hendikapu tu (zile ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi), ardhi iwe laini, farasi awe na odi (mara ambazo dau linarudi akishinda) kati ya 5 na 10, na mkufunzi wake awe anashinda zaidi ya asilimia 15 ya mbio zake kwenye uwanja huo. Asilimia za wakufunzi nimezipiga mwenyewe kutoka faili hilohilo. Zimetoka dau 412, zimeshinda 69, wastani wa odi ni kama 7. Ningeweka yuniti 1 kila mara ningebaki na faida ya yuniti 74, sawa na asilimia 18. Pesa ya mnada wa korosho ikiingia nataka nianze kubeti kweli. Je, nimepima sawasawa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Hapana, hujapima sawasawa, na nakuomba pesa ya korosho usiiguse hadi tumalize mazungumzo haya. Lakini swali lako limeandikwa kiaminifu. Umetaja kanuni 40 ulizozijaribu na umesema asilimia za wakufunzi zimetoka wapi. Watu wengi huyaficha mambo hayo mawili, na bila hayo nisingeweza kukusaidia.

Tuanze na wakufunzi, maana hapo ndipo kosa kubwa lilipo.

Chukua mkufunzi mmoja wa kufikirika. Katika miaka 3 ameleta farasi 30 kwenye uwanja fulani, wameshinda 6. Hiyo ni asilimia 20, kwa hiyo kwenye jedwali lako amepita. Sasa rudi Machi 2021. Siku hiyo alikuwa ameleta farasi 4 tu na hakuna aliyeshinda. Ushindi wake 4 kati ya ule 6 ulikuja Novemba 2023. Excel yako inambetia Machi 2021 kwa sababu ya mambo yatakayotokea miezi 32 mbele. Wewe ukiwa Masasi siku hiyo, simu mkononi, ungeyajuaje?

Na kuna baya zaidi ya hilo. Ule ushindi uliomfanya apite ndio huohuo unaouhesabu baadaye kama faida ya mfumo. Mkufunzi mwenzake aliyekuwa na uwezo uleule lakini akakosa bahati ameachwa nje, na hasara zake zimeondoka naye. Hapa kwetu naweza kukueleza hivi: mtu anataka kujua kama salfa yake inazuia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, anasubiri mavuno yaishe, anaingia shambani na kuweka alama kwenye mikorosho iliyozaa sana, anaiita "iliyopuliziwa vizuri", kisha anapiga hesabu na kukuta iliyopuliziwa vizuri imezaa sana. Hesabu yake haina kosa la kujumlisha wala kugawanya, ila miti ilichaguliwa baada ya jibu kujulikana.

Dawa yake ipo na haihitaji programu nyingine. Panga faili kwa tarehe. Kwa kila mstari, piga asilimia ya mkufunzi kwa kutumia mbio zilizokwisha kabla ya siku ile peke yake. Fomula ya COUNTIFS inatosha: jina la mkufunzi liwe hilo, uwanja uwe huo, na tarehe iwe ndogo kuliko tarehe ya mstari huo. Nasema ndogo, isiwe ndogo au sawa, maana mbio za saa 10 zisije zikachangia kuchagua farasi wa mbio za saa 8 za siku hiyohiyo. Weka na kiwango cha chini, tuseme awe ameshaleta farasi 20, la sivyo mkufunzi aliyeshinda 1 kati ya 2 ataingia na asilimia 50. Miezi ya mwanzo ya 2021 itakuwa karibu tupu, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu wakati huo ulikuwa bado hujui lolote.

Ukishazoea jicho hilo, pitia kila kolamu na uulize: hiki nilikijua kabla farasi hawajaachiwa? Idadi ya farasi kwenye faili mara nyingi ni waliokimbia, wakati asubuhi ulikuwa unawaona walioandikishwa. Hali ya ardhi hutangazwa asubuhi na inaweza kubadilishwa mchana mvua ikinyesha, na faili huenda limehifadhi ile ya mwisho.

Kolamu ya odi nayo ina tatizo lake. Odi zilizoandikwa kwenye matokeo ya Uingereza kwa kawaida ni bei ya kuanzia, yaani ile iliyokuwepo dakika farasi wanaachiwa. Kanuni yako inasema kati ya 5 na 10. Farasi aliyefungua na 8 mchana, watu wakamrundikia pesa akafunga na 4.5, hayumo kwenye zile dau 412, lakini wewe ungekuwa umeshambetia. Aliyefungua na 4 akapanda hadi 6 yumo, ingawa mchana ungemruka. Ukitaka kutumia bei ya kuanzia kama kigezo, lazima uwe tayari kubeti dakika ya mwisho kabisa, mbio baada ya mbio. Ardhi laini kwao ni ya miezi ya baridi zaidi, na wakati huo saa 8 mchana Uingereza ni saa 11 jioni huku kwetu. Je, utakaa na simu kila jioni mpaka usiku, na mtandao uwe haukatiki? Kama jibu ni hapana, bei uliyopimia si bei utakayolipwa. Ukibeti mapema kwa bei ya asubuhi, kumbuka farasi wakijitoa baadaye malipo yako hukatwa. Kwa utaratibu wa Uingereza makato hayo yanaweza kufika hadi peni 90 kwa kila pauni ya ushindi, aliyejitoa akiwa ndiye aliyetegemewa kupita kiasi. Na wawili wakifika pamoja, unalipwa kama vile uliweka nusu ya dau.

Kabla sijasahau, angalia kama Excel haijakuharibia odi zenyewe. Waingereza huandika kwa sehemu: 6/1 ni odi 7, na 5/2 ni odi 3.5. Excel ikiona 5/2 huigeuza kuwa tarehe, na ikiona 33/1 huiacha kama maandishi, ambayo fomula ya jumla huyapita bila kukuambia. Fungua upya faili la asili, iambie kolamu hiyo iwe maandishi kabla ya kuingiza data, halafu gawanya mwenyewe na uongeze 1. Nimekuta hitilafu hii kwenye kazi za watu makini kabisa.

Sasa zile kanuni 40.

Dau moja kwa odi 7 huyumba sana. Mara nyingi unapoteza 1, mara chache unapata 6. Kwa dau 412 za namna hiyo, bahati pekee inaweza kuisogeza jumla yako juu au chini kwa takriban yuniti 50, na hiyo ni kawaida tu. Sasa tuseme una kanuni 40 zisizo na akili yoyote ndani yake, kila moja na dau 412, na kampuni ya kubeti inakula 10 katika kila 100 inayowekwa. Kanuni ya kati itapoteza yuniti 41. Lakini ukizipanga zote 40 na kuichukua ile ya juu kabisa, itegemee iwe zaidi ya yuniti 100 juu ya ile ya kati. Toa 41, unabaki na faida ya kama 60. Hiyo ni faida ya kanuni isiyo na kitu, iliyochaguliwa tu kwa kuwa imewazidi wenzake.

Ya kwako ni 74. Tofauti ya 14 ni farasi 2: kwa odi 7, farasi mmoja akigeuka kutoka kushinda kwenda kushindwa, jumla inashuka kwa 7. Farasi wawili waliotangulia kwa pua katika miaka 3. Na hapo bado hatujaondoa msaada ulioupata kwa wakufunzi wa kesho.

Pia usizione zile 412 kama mambo 412 yanayojitegemea. Ardhi laini huja kwa wiki za mvua, viwanja vinalowa pamoja, na mkufunzi ambaye farasi wake wako vizuri wiki hiyo anashinda mara mbili tatu mfululizo. Una misimu michache tu ya baridi. Hakuna bwana shamba angekushauri ubadilishe mbegu kwa misimu mitatu ya shamba moja.

Kipimo ninachokipenda kuliko faida ni hiki. Kwa kila farasi uliyemchagua, gawanya 1 kwa odi yake. Jumlisha zote. Hiyo ndiyo idadi ya ushindi ambayo soko lenyewe lilikuwa linaitegemea, kabla ya kuondoa faida ya kampuni. Kwako 412 kwa odi ya kama 7 ni karibu 59, na umeshinda 69. Ili uondoe faida ya kampuni, fanya hivyo kwa mbio nzima: farasi watano wenye odi 2.5, 3.5, 5, 8 na 9 wanatoa jumla ya 1.12 hivi, wakati nafasi halisi zote haziwezi kuzidi 1. Ile 0.12 ya ziada ni ya kampuni, kwa hiyo gawanya kila nafasi kwa 1.12. Ukilinganisha ushindi halisi na ushindi uliotegemewa, namba haiyumbi sana kama faida inavyoyumba kwa farasi mmoja wa odi kubwa.

Na lazima uwe na miti isiyopuliziwa. Hakuna jaribio la salfa linaloeleweka bila mistari iliyoachwa, kwenye shamba lilelile na msimu uleule. Kwako mistari hiyo ni farasi wote wengine wa odi 5 hadi 10, kwenye mbio zilezile za hendikapu za ardhi laini, ambao wakufunzi wao hawakupita. Usilinganishe na farasi wote wa Uingereza, maana inajulikana tangu miaka ya 1940 kwamba wenye odi kubwa sana hupoteza zaidi ya wale wa odi ndogo, na ulinganifu huo ungekupa sifa usiyostahili. William Benter, aliyejenga mfumo wa kompyuta wa kubetia farasi Hong Kong, aliandika mwaka 1994 jinsi alivyochanganya makadirio yake na odi za umma. Hakudhani kwamba soko halijui kitu. Alichotafuta ni kile ambacho soko lilikuwa limekiacha. Nawe jiulize hivyohivyo: mkufunzi wako anajulikana na kila mtu, kwa nini ubora wake usiwe umeshaingia kwenye odi?

Ungeweza kuniambia utajenga kwa 2021 na 2022, halafu upime kwa 2023. Umeshachelewa. 2023 ulikuwamo wakati unachagua kati ya zile 40, umeshauchungulia. Tafuta 2024 na kuendelea. Andika kanuni yako kwenye karatasi na tarehe, usibadilishe hata koma, kisha uipitishe mara moja tu. Usigawe data kwa kuchanganya mistari kama karata, kwa sababu farasi yuleyule atakuwa pande zote mbili. Kata kwa tarehe. Na ukishawishika kurudi nyuma zaidi ili upate dau nyingi, kumbuka mbio Uingereza zilisimama katikati ya Machi 2020 hadi 1 Juni kwa sababu ya korona, na farasi waliorudi walikuwa wamekaa muda mrefu bila kukimbia.

Jambo lingine hukuliuliza ila lazima nilitaje, kwa kuwa naliona kwenye vibanda vya kubeti hapa Mtwara mjini. Wale farasi wa kwenye skrini wanaokimbia kila baada ya dakika chache si farasi wa Uingereza wala wa uwanja wowote. Mshindi anatolewa na kompyuta kwa namba za kubahatisha. Data ya nyuma ya mbio hizo haikuambii chochote kuhusu mbio inayofuata, hata ukikusanya miaka 10. Kama ndiko ulikokuwa unataka kuupeleka mfumo huu, kazi yako yote ya Excel haihusiki.

Kuhusu pesa, tuseme kanuni yako ni ya kweli kabisa na utaendelea kushinda 69 katika kila 412. Hata hivyo, katika dau 412, kupoteza zaidi ya 20 mfululizo ni jambo la kutegemea. Mtu aliyeweka pesa ya salfa ya msimu ujao hawezi kuvumilia dau 20 kupotea bila kuanza kuongeza dau ili arudishe. Baba yako anaitegemea pesa hiyo shambani. Fanya majaribio kwa daftari: andika farasi, saa na odi unayoiona kwenye simu kabla ya mbio, bila kuweka shilingi, kwa msimu mzima wa baridi wa kwao.

Lakini kazi ya kwanza ni ile kolamu ya wakufunzi. Itengeneze upya kwa tarehe usiku wa leo, halafu kabla hujatazama faida, hesabu ni dau ngapi zimebaki kati ya zile 412, na kati ya wale washindi 69, ni wangapi ungewachagua kweli asubuhi ile.