Kitambi hakiondoki kwa sitapu peke yake

Ndugu mleta mada, umeuliza kwa nini tumbo lako halipungui ingawa unapiga sitapu kila alfajiri na kujifunga nailoni kiunoni unapokimbia. Nimeongoza mazoezi katika kikundi cha jogingi hapa Temeke kwa miaka kadhaa, na sijui swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko hili.

Sitapu huimarisha misuli ya tumbo, lakini misuli haichomi mafuta kwa sababu tu imepakana nayo. Mwili unapohitaji nguvu huyatoa mafuta kwenye akiba zake mbalimbali, yakasafirishwa na damu hadi kwenye misuli inayofanya kazi, na mahali yatakapotangulia kupungua huamuliwa zaidi na maumbile, jinsia, umri na homoni kuliko zoezi ulilolichagua. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowapima wachezaji wa tenisi, watu ambao mkono mmoja hufanya kazi kubwa kuliko mwenzake; mkono wa raketi ulikuwa mnene zaidi kwa misuli, ilhali mafuta ya chini ya ngozi hayakutofautiana kati ya mikono miwili.

Nailoni nayo inakutoa jasho tu. Uzito unaouona umepungua mara baada ya mbio ni maji, nayo hurudi ukishakunywa, na kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari unajitafutia kuzimia. Mafuta yanapotumika mwilini hugeuka kuwa hewa ya ukaa na maji. Kwa hesabu iliyochapishwa na watafiti wa Australia mwaka 2014, katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa njia ya pumzi. (Usikae kitini ukahema kwa nguvu, haitasaidia.)

Kwa ninavyoona mimi, kazi nyingi huharibika baada ya mazoezi. Jumamosi tukishamaliza kukimbia huku tukiimba, wengi huelekea moja kwa moja kwenye supu: bakuli la kongoro lenye mafuta yanayoelea, chapati mbili na soda baridi. Chapati hizo peke yake zaweza kurudisha nguvu yote iliyotumika barabarani. Soda ya kola ya mililita 500 ina takriban gramu 53 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima. Maji ya limau na tangawizi hayayeyushi mafuta. Faida yake huonekana pale yanapochukua nafasi ya chai ya vijiko vitatu vya sukari.

Kwa hiyo endelea na sitapu ukipenda, ila zisiwe ndizo zoezi lako kuu. Tembea kwa haraka au kimbia kwa jumla ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na angalau siku mbili fanya mazoezi ya nguvu yanayotumia misuli mikubwa, kama kuchuchumaa na kuinuka, pushapu na kunyanyua vyuma. Akina dada wanaohofia kuwa vyuma vitawapa miili ya kiume wasiwe na wasiwasi, kwani misuli ya namna hiyo haiji kwa bahati mbaya.

Weka mizani kando kidogo, utumie futi ya fundi cherehani. Ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi. Mwanamume akifika sentimita 94 na mwanamke sentimita 80, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo huanza kupanda. Mafuta yanayozunguka viungo vya ndani, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi, huweza kupungua kwa mazoezi hata kilo zikibaki zilezile.

Kwa mama aliyejifungua, tumbo lililochomoza huenda si mafuta bali misuli iliyoachana katikati wakati wa ujauzito. Mkaja huishikilia kwa muda lakini hauchomi mafuta, na sitapu za mapema zaweza kuzidisha hali hiyo, hivyo aanze kwa kumwona mtaalamu wa fiziotherapia.