Kupiga hodi mara ya tatu

Wiki hii mmeuliza: "Kuzunguka kwa miguu kutafuta kazi bado kuna maana, wakati matangazo yote yako kwenye simu?" Maana ipo, ila si kila mahali, na mara nyingi si kwa safari ya kwanza.

Benki, idara za serikali na kampuni kubwa ziacheni. Huko hata meneja akikupenda hana ruhusa ya kukuchukua nje ya utaratibu. Atakuelekeza kwenye tovuti, na nauli yako imekwenda. Miguu inalipa pale ambapo mwenye uamuzi yuko jengo moja na wafanyakazi wake: gereji, karakana za useremala na uchomeleaji, migahawa, hoteli ndogo, maghala, viwanja vya ujenzi, saluni, viwanda vidogo. Nafasi za huko hazitangazwi kwa sababu hazipangwi. Dereva anaacha kazi Jumatano, mzigo unatakiwa utoke Alhamisi. Mwenye ghala hana muda wa kuandika tangazo. Anamwita mtu aliyemwona juzi.

Kwa hiyo shughuli nzima ni kuwa yule mtu wa juzi. Anayepita mara moja na kwenda zake anabahatisha, kwani siku aliyopita nafasi yenyewe huenda haikuwepo.

Nunua daftari dogo uchore safu tano: mahali, jina la mhusika, alichosema, tarehe, siku ya kurudi. Andika sehemu 25 hadi 30, ukianza na zile unazofika kwa mguu kutoka unapolala, maana mwajiri mwenye zamu ya alfajiri swali lake la kwanza ni "unakaa wapi?" Kwa siku sehemu sita hadi nane zinatosha. Ukizidisha, ya kumi utaifikia umelowa jasho, sauti imekauka, na uso unaonyesha umeshakataliwa mara tisa.

Saa nazo zina wenyewe. Mgahawa uendewe kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni, wa mchana wakiwa wameshakula na wa usiku hawajaja. Ukiingia saa saba mchana utafukuzwa, na ni haki yako. Kwenye ujenzi fika kabla kazi haijaanza, wakati msimamizi anahesabu watu. Kama waliokuja ni pungufu, utajua hapo hapo. Gereji ni katikati ya asubuhi, magari yakishapokelewa. Ofisi na maduka yaepuke siku za mwisho wa mwezi, kwa sababu wanafunga hesabu na kuhesabu mali.

Sasa mlangoni, ambako ndiko wengi huharibu. Swali "kuna kazi?" lina jibu moja jepesi, "hakuna", na mlinzi hulitoa bila hata kumuuliza mtu. Msalimie vizuri kwanza, kisha uulize kitu anachoweza kukupa: "Samahani kaka, anayepanga mafundi hapa ni nani, na huwa anapatikana saa ngapi?" Ukipata jina umeshapata nusu ya safari. Ukirudi ukasema "nimekuja kumwona Bwana fulani, niliambiwa saa nne ndiyo nzuri", wewe si mpita njia tena.

Ukimpata mhusika, maneno yako yasizidi nusu dakika: unaitwa nani, unafanya nini, wapi umefanya na kwa muda gani, unaweza kuanza lini. Kuna neno moja la kulitupa kabisa: "kazi yoyote." Linasikika kama unyenyekevu, lakini linamwachia bosi mzigo wa kufikiri akuweke wapi, naye hana muda huo. "Nashona suruali na magauni, cherehani ya umeme naimudu" humfanya aangalie cherehani iliyokaa bila mtu. Asiye na ujuzi naye aje na kitu mahususi: kupakia na kupanga ghala, kuosha vyombo zamu ya usiku.

Wasifu uwe ukurasa mmoja, nakala kumi kwenye bahasha ngumu zisijikunje. Namba ya simu iwe moja na iwe hewani. Wasifu wenye namba tatu humlazimisha mtu abahatishe, naye hupiga ya kwanza tu. Wadhamini wawili waambie mapema kwamba watapigiwa. Vyeti halisi usimwachie mtu, acha nakala. Na usimkabidhi mlinzi wasifu ukadhani umefika: utakaa kwenye droo pamoja na funguo zilizopotelewa kufuli. Nenda peke yako pia. Marafiki watatu mlangoni wanaonekana kama ujumbe wa malalamiko.

Kisha rudi. Safari ya pili iwe baada ya siku saba hadi kumi, kwa saa tofauti kidogo, na uwe na la kusema: "Ulisema mzigo mpya unaingia wiki hii, nimekuja kuulizia." Ya tatu iwe baada ya wiki mbili au tatu. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter wa Marekani alichapisha matokeo ya kuwahoji watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Takriban 17 tu kati ya kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Waliobaki walionana naye kwa nadra au mara moja moja. Uso wa kufahamika kidogo basi unatosha, na safari tatu zinaujenga. Ya nne bila kuitwa inageuka usumbufu. Futa mstari, weka sehemu mpya.

Ukiambiwa ujaribiwe, kubali siku moja au mbili, lakini uliza kabla hujashika chombo: majaribio ni ya muda gani, na yanalipwa? Sehemu inayojaribu watu bure wiki baada ya wiki haitafuti mfanyakazi, imeshampata. Anayedai hela ya fomu, ya sare au "ya kumwona mkubwa" mwache hapo hapo. Na usaili ufanyike kazini, saa za kazi; kuitwa chumbani kwa mtu au baa usiku si usaili, na wasichana ndio huwekewa mtego huo zaidi.

Ukishapata, daftari usilitupe mpaka kipindi cha majaribio kiishe. Wapigie wale wachache waliokuambia "rudi mwezi ujao", uwaambie umeshapata kazi mahali na unawashukuru. Mambo yakiharibika baada ya miezi miwili, hao ndio utakaoanza nao.