Machafuko ya rangi: litumike wapi?

Mdogo wangu, umeuliza kama "machafuko ya rangi" ni jina linalofaa kwa yale yaliyowapata Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, hapa Katanga, kusini mwa Kongo, mwaka 1992 na 1993. Hapana. Rangi hapo ni ngozi: Weusi na Wazungu, kama Chicago mwaka 1919. Waliofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye vituo wakingoja treni, walikuwa na ngozi moja na waliowafukuza. Andika fujo za kikabila, au wazi zaidi, kufukuzwa kwa Wakasai.

Na hata penye rangi, uangalie sana. "Machafuko" hufanya pande zote zionekane na kosa sawa. Kule Tulsa, Marekani, mwaka 1921, umati wa Wazungu uliteketeza Greenwood, mtaa wa Weusi, ukaua watu wengi. Kwa miaka mingi yaliitwa machafuko, na kampuni za bima zikakataa kulipia nyumba zilizoungua, kwa kuwa mikataba haikugharamia machafuko. Neno moja tu, na familia zikabaki mikono mitupu! Siku hizi wengi husema mauaji ya halaiki.

Kwenye kazi yako ya shule, ukitaja mambo ya rangi kama hayo ya Marekani, usiache neno "ubaguzi": andika "ghasia za ubaguzi wa rangi". "Ghasia za rangi" peke yake, wazee wetu wa Katuba, hapa Lubumbashi, hawataielewa.