Mtafute fundi anayejua njia ya moshi

Bomba la moshi la jiko letu la kuni lilianza kulegea wakati naunga dagaa. Kwanza nililiona limepinda kidogo pale linapotokea jikoni, kama mtu anayesinzia kwenye benchi, halafu harufu ya plastiki ikajaa chumba kizima. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda anachambua mchele. Akainua uso, akalitazama bomba, akanitazama mimi, akasema, "Mwanangu, huyo fundi wenu mlimtoa wapi?"

Tulimtoa kwenye ujenzi wa jirani. Huku Ipuli, Tabora, nyumba zinachipua kila ukigeuka, na fundi aliyesimamisha ukuta ulionyooka hakosi kazi. Wake ulikuwa umenyooka kweli. Nilimwambia nataka jiko la kuni la kujengea, la matundu mawili ya sufuria, lenye bomba la kutoa moshi nje. Akajibu, "Hiyo kazi ndogo tu, mama." Hapo ndipo ningeshtuka. Hakuuliza napikia sufuria gani, upepo unavuma kutoka wapi, wala juu ya dari kuna nini. Alipiga hesabu ya tofali na saruji, akachukua Sh80,000 ya kuanzia kati ya Sh120,000 tulizokubaliana, na siku ya tatu akasimamisha bomba la plastiki la inchi 4, lile la maji machafu, eti ni rahisi na masizi hayatashika kwa sababu linateleza. Nami nikakubali! Plastiki ile huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi, kabla hata maji hayajachemka, na moshi wa kuni hutoka jikoni ukiwa moto kuliko hapo kwa mbali.

Saruji nayo haikumaliza mwezi. Palipo karibu na moto ilichanika, ikaanza kumenyuka vipande. Saruji ya kawaida si kitu cha kukaa uso kwa uso na moto. Panapochomwa panataka udongo. Fundi nilimpigia simu, akasema anakuja Jumamosi. Hakusema Jumamosi ya lini.

Aliyenitoa gizani ni mfanyakazi mwenzangu mwenye shamba la tumbaku Urambo. Alinicheka: "Unatafuta fundi wa moshi mjini, wakati mabani yote yako huku?" Sikuwahi kufikiria hivyo, na nimezaliwa mkoa huu huu. Bani la kukaushia tumbaku ya mvuke moto wake unachochewa kwa nje. Joto linapita ndani kwenye mabomba, na moshi unatokea upande wa pili bila kuligusa jani, kwa sababu jani likinuka moshi daraja linashuka na bei inashuka nalo. Mtu aliyejenga mabani miaka ishirini amekaa miaka ishirini akiupangia moshi njia. Fundi wa nyumba, hata awe hodari namna gani, kazi yake ni kusimamisha kitu kisianguke. Hizo ni elimu mbili tofauti.

Kwa hiyo kama unataka kujengewa jiko la namna hii Tabora, ushauri wangu wa kwanza ni huo: ulizia kwa wakulima wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, uokote jina moja au mawili. Usimpe mtu kazi kwa picha za simu. Jiko jipya linapendeza siku zote. Mwambie akupeleke kwenye jiko alilojenga na likapikiwa mwaka mzima, likapita masika na kiangazi. Ukifika, usizungumze na mwenye nyumba aliyelipa, maana huyo atatetea hela yake. Zungumza na anayepika. Mimi nilipelekwa na mzee mmoja mjenzi wa mabani kwenye nyumba moja Ng'ambo, nikamkuta binti anakoroga uji. Nikamwuliza macho yanawasha? Akacheka, akanionyesha dari. Ilikuwa nyeupe. Nikapitisha kidole ukutani nyuma ya jiko, kikatoka safi. Basi, hapo sikuhitaji maneno mengine.

Mzee huyo alikuja kwangu asubuhi. Shikamoo, marahaba, mwangaluka, chai. Halafu akauliza maswali karibu saa nzima kabla hajagusa tepu. Nyumbani mnakula wangapi? Lete sufuria ya ugali na ya maharage. Akazipima zote mbili, kwa sababu tundu linatakiwa liimeze sufuria na kuacha nafasi ndogo pembeni, kama unene wa kidole, ili moto uilambe pande zote. Tundu likiwa pana mno unapasha joto ukuta. Likibana sana moto unakosa pumzi. Akatoka nje akasimama muda mrefu akiangalia mwembe wa jirani unavyoinamishwa na upepo, akasema bomba lisitokee upande ule niliotaka mimi.

Lile la kwanza lilipita ukutani kwa kona mbili, likaishia chini ya ukingo wa bati. Mzee alilitazama akasikitika. Moshi hupanda kwa sababu ni wa moto. Ukiukunjia kona unapoa, ukipoa unazembea, ukizembea unakurudia machoni. Akapandisha bomba la chuma moja kwa moja, likapita mgongo wa paa kwa zaidi ya futi mbili, juu akalivika kofia ya bati kuzuia mvua. Chini akaacha kitundu chenye kifuniko cha kutolea masizi. Kwenye dari ndipo alipotumia siku nzima, na ningekuomba nawe usimharakishe fundi akifika hapo. Bomba la chuma tupu lisikaribie kenchi, papi wala ubao wowote. Yeye alipima dhiraa moja kila upande, akakata dari na kuzungushia bati. Moto wa kwenye dari huanza polepole, mbao zikikaushwa siku baada ya siku hadi usiku mmoja zinashika.

Kitu kingine ambacho fundi wa kwanza alikigeuza kichwa chini miguu juu: aliniambia nizibe dirisha la juu ili moshi "usichanganyikiwe". Mzee alilizibua siku ya kwanza. Bomba haliwezi kutoa hewa nje kama hakuna hewa inayoingia. Tena hapa si moshi tu unaouona. Kuni na mkaa vikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Ndiyo inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi ya Juni na Julai wakafunga kila kitu, wakiamini mkaa uliokolea hauna madhara kwa kuwa hautoi moshi. Bomba zuri halikupi ruhusa ya kuziba madirisha.

Kuhusu hela. Vifaa nilinunua mwenyewe, nikiongozana naye dukani, na risiti zikawa kwangu. Muuza duka akitaka kumpa fundi cha juu, na ampe, lakini mimi nimeona bomba ni la chuma. Ufundi tulipatana Sh200,000 kwa mafungu matatu: theluthi kuanza, theluthi bomba likishatoka juu ya paa, iliyobaki baada ya jiko kukauka na kupikiwa. Niliandika kwenye karatasi ya daftari, tukasaini wote wawili, balozi wa nyumba kumi akawa shahidi. Mzee hakuchukia hata kidogo. Anayechukia ukitoa karatasi, mwache aende zake.

Fungu la mwisho ulishikilie mpaka umeona moto. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga unataka wiki mbili au zaidi kukauka, halafu unawasha vimoto vidogo vya vijiti siku kadhaa ndipo upike kweli. Siku ya kulipa tuliwasha kuni, tukarushia majani mabichi makusudi, nami nikatoka nje kuangalia. Moshi ulitoka juu kama mkia wa paka. Ndani mama mkwe alikuwa ameshabandika maharage.

Pia panga majira. Ujenzi wa kwanza tuliufanya Novemba, mvua zimeanza, ukuta umetobolewa, tofali zinavuja jasho. Fanya Julai hadi Septemba.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini nisihamie gesi. Gesi ninayo, ya chai na mboga za haraka, na najua Serikali kwenye mkakati wake wa mwaka 2024 inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Maharage ya watu tisa kwa gesi ni hesabu nyingine. Siku bei itakaponiruhusu, jiko hili litabaki la makande na sherehe.

Mabomba ya plastiki fundi wa kwanza aliyanunua mawili, moja halikutumika. Tumelifunga kwenye gata, linashusha maji ya mvua hadi kwenye simtanki, na kwa kazi hiyo halina kasoro.