Maswali ya Wafugaji: Kiwele Kinachougua Licha ya Usafi

SWALI: Daktari, nina ng'ombe wanne wa maziwa, na kila asubuhi huosha viwele vyao kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, nikitumia ndoo moja na kitambaa kimoja ambacho hukifua kila siku. Hata hivyo, wawili kati yao wameugua kiwele hivi karibuni, na mmoja, ambaye alitibiwa akapona, sasa anatoa tena maziwa yenye mabonge katika robo ileile ya kiwele, yaani sehemu ya chuchu ileile. Ninakosea wapi?

JIBU: Bidii yako haina dosari, dosari imo katika ndoo na kitambaa. Ikiwa ng'ombe wa kwanza ana vimelea katika chuchu moja tu, maji ya ndoo hiyo na kitambaa hicho huvichukua na kuvifikisha kwa wa pili, wa tatu na wa nne, hata kama kitambaa kilifuliwa vizuri jana yake. Bakteria wa aina ya Staphylococcus aureus na Streptococcus agalactiae huenea hasa kwa njia hiyo, wakati wa kukamua, kwa mikono ya mkamuaji, kwa vitambaa na kwa vikombe vya mashine. Robo inayopona kisha ikaugua tena hunifanya nimshuku Staphylococcus aureus, kwa sababu hujichimbia ndani ya kiwele mahali ambapo dawa humfikia kwa shida.

Kila ng'ombe basi awe na kitambaa chake, na vyote vichemshwe na kukaushwa kabla ya kutumika tena. Osha chuchu, wala usilowanishe kiwele kizima isipokuwa kimechafuka kwa tope au kinyesi, kisha ukaushe chuchu kabisa. Jambo hili la kukausha ndilo ninaloliona likipuuzwa kuliko yote, ilhali maji yanayobaki huteremka pamoja na uchafu hadi kwenye ncha ya chuchu, mahali penye tundu, na chuchu iliyooshwa bila kukaushwa yaweza kuwa hatari kuliko ile iliyokuwa kavu tangu mwanzo.

Kabla ya kukamua, nawa mikono kwa sabuni, kisha toa michirizi mitatu au minne ya kwanza kutoka kila chuchu na kuikinga katika kikombe chenye uso mweusi, ambapo mabonge, damu au majimaji huonekana mara moja. Usiimwage sakafuni, kwa maana ng'ombe atalala hapo baadaye, wala usiikinge kiganjani. Kamua kwa kubana chuchu, si kwa kuivuta, na usilowanishe vidole kwa maziwa ili viteleze.

Ukimaliza, chovya kila chuchu mara moja katika dawa ya aidini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na dawa iliyobaki kikombeni imwage, usiirudishe chupani. Tundu la chuchu hubaki wazi kwa nusu saa au zaidi baada ya kukamua, kwa hiyo mpe ng'ombe chakula wakati huo ili asimame, badala ya kulala juu ya malalo yenye unyevu, ambako bakteria wengine, kama Escherichia coli, humsubiri. Hao hawatoki kwa ng'ombe mwenzake bali katika kinyesi na malalo, na kinga yao ni banda kavu.

Tangu leo, waliougua wakamuliwe mwisho. Usiwaamini sana wale wawili wanaoonekana wazima, kwa kuwa ugonjwa wa kiwele mara nyingi hukaa bila dalili yoyote ya macho, huku maziwa yakipungua polepole. Kipimo cha California huufichua: sahani yake ina vijikombe vinne, kimoja kwa kila robo, na maziwa huchanganywa humo na kiasi sawa cha dawa ya kupimia, kisha huzungushwa taratibu kwa sekunde chache. Dawa hiyo huzipasua chembe nyeupe za damu zinazoongezeka katika kiwele kilichoambukizwa, na kadiri zilivyo nyingi, ndivyo mchanganyiko unavyokuwa mzito kama ute. Kuhusu robo inayorudia, mwombe daktari wa mifugo achukue sampuli ya maziwa ipimwe maabara kabla ya kuchagua dawa nyingine.

SWALI: Ng'ombe wangu anatibiwa robo moja kwa dawa ya mrija. Je, naweza kuuza maziwa ya robo tatu zilizobaki, au kumpa ndama?

JIBU: Hapana, kwa yote mawili. Dawa iliyowekwa katika robo moja hupita kwenye damu na yaweza kufika robo nyingine, kwa hiyo maziwa yote yatengwe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo ya dawa uishe, ukihesabu tangu dozi ya mwisho. Maziwa hayo ndama naye asipewe. Maliza dozi zote hata mabonge yakitoweka mapema, na kila mara kabla ya kuingiza mrija, futa ncha ya chuchu kwa pamba yenye spiriti, kwani mrija unaopita kwenye ncha chafu huusukuma uchafu huo moja kwa moja ndani ya kiwele.