Kumbukumbu za matukio zinazojaza diski: jibu kwa ndugu wa Chake Chake

Assalaam alaykum, ndugu yangu. Nimekufahamu: programu yenu ya kupokea maombi ya huduma hujaza diski kila wiki, mnafuta kumbukumbu za matukio (logi, yaani mafaili ambamo programu huandika kila inachofanya), na sasa tiketi, yaani rekodi za maombi hayo, zimepotea bila ya kujulikana nani alizigusa.

Tafadhali msifute tena kwa mkono. Angalia kwanza kiwango cha uandishi, yaani programu inaandika kwa undani kiasi gani, kwani mara nyingi kile cha uchunguzi wa kina huwashwa siku ya matengenezo kikasahauliwa. Kwenye Linux, programu ya logrotate itabana mafaili ya zamani na kuyaondoa kwa muda mtakaoupanga. Nakala zipelekwe seva nyingine kwa syslog (utaratibu wa kutuma kumbukumbu kupitia mtandao) kwa njia ya TLS iliyosimbwa, bandari (namba ya mlango wa mtandao) 6514, kwa sababu UDP, njia isiyohakikisha kupokelewa, bandari 514, huweza kupoteza ujumbe bila kumjulisha yeyote.

Zingatia saa pia. Mifumo mingi huandika kwa UTC, saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Katika ofisi moja hapa Unguja tulisahau tofauti hiyo, tukamtuhumu mtumishi ambaye hata zamu hakuwepo, na jambo hilo bado linaniuma.

Ikiwa tiketi zilizopotea zinahusu fedha au wagonjwa, msiandike chochote kwenye diski hiyo mpaka mtaalamu wa uchunguzi wa kompyuta aichukulie nakala kamili.